Atokapo Gerezani, Aende Wapi?

Labda umekwisha kumwona mtu aliyetoka kifungoni. Mara nyingi hufika kijijini jioni, watu wakiwa wameingia nyumbani, ili asionwe na wengi. Mkononi ana kifurushi kidogo. Akipita, mazungumzo hukoma. Akiisha kupita, huanza tena kwa sauti ya chini. Kesho yake mama mmoja anawakataza watoto wake wasimkaribie. Mwenye duka anahesabu vitu vyake mara mbili. Mwenye shamba, aliyetafuta kibarua jana, leo hana kazi tena. Hakimu alisema: miaka miwili. Miaka miwili imekwisha. Lakini sasa kijiji kimeanza kumhukumu upya, na hukumu ya kijiji haina siku ya kuisha.

Jambo hilo si geni, wala si la nchi yetu peke yake. Katika makala hii nataka kusimulia habari ya padri mmoja wa Ufaransa aliyeliona kwa macho yake zaidi ya miaka 150 iliyopita, akalitafutia dawa. Dawa yake ilikuwa chungu, si kwa wafungwa, bali kwa watu wema. Ndiyo maana yafaa tuijue.

Ngome iliyogeuzwa gereza

Huko kusini-magharibi ya Ufaransa, kando ya mto Garonne, si mbali na Bordeaux, pana mji mdogo uitwao Cadillac. Ni nchi ya mizabibu. Katikati ya mji husimama ngome kubwa iliyojengwa na mkuu mmoja tajiri, mtawala wa Épernon, tangu mwisho wa karne ya 16. Wafalme waliwahi kulala humo. Lakini mapinduzi yalikuja, utajiri ukaisha, na mwaka 1818 Serikali iliinunua ngome hiyo ili iifanye gereza la wanawake. Palipochezwa ngoma za wakuu pakawa mahali pa vitanda vya wafungwa.

Katika mji huo alizaliwa Alcide Vital Lataste, tarehe 5 Septemba 1832. Mtoto wa Cadillac hakuhitaji kuambiwa gereza ni nini. Kuta zake zilionekana toka njiani. Watoto walijua kwamba ndani wamo wanawake wabaya, wezi na wauaji, na ya kuwa si vizuri kuuliza zaidi.

Alcide alikua, akasoma, akapata kazi ya karani katika ofisi ya kodi ya Serikali. Alikuwa kijana mwenye furaha. Baada ya kazi aliwatembelea maskini pamoja na wenzake wa Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo. Alimpenda msichana aitwaye Cécile, akatamani kumwoa, lakini mwaka 1855 msichana huyo alifariki. Miaka miwili baadaye Alcide aliingia utawa katika shirika la Wadominiko, akapewa jina la Jean-Joseph. Mwaka 1863 alipata upadri, akatumwa Bordeaux. Tazama, basi, alikuwa amerudi karibu na nyumbani kwao.

Mafungo ya Septemba 1864

Mwaka uliofuata, katika mwezi wa Septemba, Padri Lataste alitumwa kuhubiri mafungo katika gereza la Cadillac. Wakati huo walikuwamo wanawake karibu 400. Wengine walihukumiwa kwa wizi, wengine kwa kuua watoto wao wachanga, wengine kwa makosa mengine mazito. Wengi walikuwa maskini, watumishi wa nyumbani na wasichana wa mashambani waliodanganywa na wanaume ambao wao wenyewe hawakufungwa.

Sheria ya magereza makubwa ya Ufaransa tangu mwaka 1839 ilikuwa kali: wafungwa wasiseme neno. Mchana walishona kwa kimya, wakala kwa kimya, wakalala kwa kimya. Padri aliingia akiwa na hofu. Alifikiri: nitawaambia nini watu hawa? Aliwaona mbele yake, wamevaa sare, wameinamisha vichwa.

Ndipo akawaita dada zake. Neno hilo dogo lilikuwa la kwanza. Kwa miaka mingi hakuna aliyewaita hivyo. Waliitwa kwa namba na kwa majina ya makosa yao. Kisha akawaambia jambo ambalo hawakulitazamia. Akasema kwamba maisha yao yanafanana sana na maisha ya watawa: kuamka mapema, kufanya kazi, kunyamaza, kutii, kula chakula kidogo, kufungiwa ndani ya kuta. Tofauti ni moja tu. Watawa hufanya hayo kwa kupenda, nao hufanya kwa kulazimishwa. Basi, wakiyapokea kwa mapendo, kifungo chao chaweza kugeuka kuwa sadaka.

Wanawake walisikiliza. Walikuja kuungama kwa wingi. Waliabudu Sakramenti Takatifu katika kanisa la gereza, wengi wao wakilia. Padri aliyekuja kwa hofu alipiga magoti nyuma yao, akaona kwamba wamo kati yao watu ambao Mungu amekwisha kuwageuza kabisa. Na hapo hapo, mbele ya Ekaristi, swali likamshika moyoni: watu hawa wakitoka, wataelekea wapi?

Mlango wa gereza una pande mbili

Swali hilo lilikuwa la kweli. Msomaji, usidhani kwamba katika siku zile mfungwa alipofunguliwa mambo yalikwisha. Sheria ya adhabu ya Ufaransa ya mwaka 1810 iliwaweka wengi chini ya ulinzi wa polisi hata baada ya kifungo. Serikali iliweza kuwaambia wakae mji fulani wala wasikae mji fulani. Wale waliotoka katika kazi ngumu za bandarini walitembea na pasipoti ya manjano, na kila mwenye nyumba ya wageni aliyeisoma alijua ametembelewa na nani. Mwandishi Victor Hugo, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1862, alionyesha jinsi mtu wa namna hiyo anavyofukuzwa kila mlango akiwa na fedha mkononi. Kitabu ni hadithi, lakini pasipoti ile haikuwa hadithi. Sheria ya ulinzi wa polisi iliondolewa mwaka 1885 tu.

Mwanamke alikuwa na shida kuliko mwanamume. Mwanamume aliweza kwenda mbali, akachimba njia ya reli au akavuna ngano pasipo kuulizwa sana. Mwanamke alitafuta kazi ya nyumbani, na nani atamwachia funguo za nyumba mwanamke aliyetoka Cadillac? Alipofukuzwa mara tatu, mara nne, njia mbili zilibaki: kuuza mwili wake, au kuiba tena. Na alipoiba tena watu walisema: mnaona? Tulijua.

Walikuwako watu wa huruma waliotafuta msaada. Huko Irlandi, tangu mwaka 1854, mkuu wa magereza aitwaye Walter Crofton alianza desturi mpya. Mfungwa mwema, kabla ya kufunguliwa, alipelekwa mahali pasipo na kuta ndefu, kama pale Lusk karibu na Dublin, akalima huku akiaminiwa kidogo kidogo. Mwalimu wao, James Organ, alizunguka kwa wenye kazi mjini na mashambani, akiwaombea wafungwa wale kazi. Wakiisha kuipata, aliwatembelea tena na tena, aone kama wanaendelea vema. Mwanzoni wenye kazi walikataa. Lakini mmoja akakubali, akaona mtu wake anafanya kazi vizuri, akarudi kuomba wa pili.

Na huko Angers, katika Ufaransa yenyewe, Mama Maria Eufrasia Pelletier alikuwa amekwisha kueneza nyumba za Mchungaji Mwema, ambamo wanawake na wasichana waliopotea walipata chakula, kazi na mafundisho. Aliyetaka kuwa mtawa aliweza kuingia katika kundi la Wamagdalena, waliokaa chini ya ulinzi wa masista. Lakini hakuweza kuwa sista wa Mchungaji Mwema kama wale waliompokea. Mapendo yalikuwa makubwa, lakini ukuta mdogo ulibaki kati ya waliopotea na wasiopotea.

Padri Lataste alitaka kuuvunja ukuta huo mdogo.

Nyumba ya Betania

Miaka miwili alisali, akaandika, akaomba ruhusa. Mwaka 1865 alirudi Cadillac kuhubiri mara ya pili, akaona kwamba wale wa mwaka uliopita hawakusahau. Mwaka 1866 alitoa kitabu kidogo alichokiita «Waliorudishiwa heshima», ili watu wa Ufaransa wajue habari za wanawake wale. Hakuwaombea sadaka ya nguo tu. Aliwaombea heshima.

Tarehe 14 Agosti 1866 nyumba ya kwanza ilianza katika kijiji cha Frasne-le-Château, mashariki ya Ufaransa. Mkuu wake alikuwa Mama Henri-Dominique, mtawa aliyekwisha kuishi miaka katika shirika jingine, akakubali kuacha yote aanze upya katika umaskini. Nyumba ikaitwa Betania.

Kwa nini Betania? Betania ni kijiji cha Marta na Maria, waliompokea Bwana Yezu nyumbani mwao. Wakristu wa siku zile walifikiri kwamba Maria wa Betania na Maria Magdalena na yule mwanamke mkosefu aliyelia miguuni pa Yezu ni mtu mmoja. Leo wataalamu wa Maandiko huwatenganisha. Lakini Padri Lataste alifuata mapokeo ya wakati wake, akaona picha nzuri: katika nyumba moja wamo Marta, ambaye jina lake halijachafuka, na Maria, ambaye watu walimnyoshea kidole. Ni ndugu wa tumbo moja. Yezu anawapenda wote wawili, nao wanampikia na kumsikiliza chini ya dari moja.

Basi katika Betania yake wangeishi pamoja wanawake wa namna mbili: wale waliotoka gerezani na wale ambao hawakufungwa kamwe. Mwanamke aliyetoka gerezani hakuvikwa mavazi ya kitawa siku ileile. Alipitia majaribio marefu, maana padri hakuwa mtu wa kudanganyika. Alijua kwamba machozi ya siku moja si badiliko la maisha. Lakini akiisha kuthibitika, alivaa vazi lile lile, akaketi kwenye meza ile ile, akaimba katika safu ile ile. Na hakuna aliyeruhusiwa kusema wala kuuliza: huyu alitoka wapi?

Samaki mmoja akioza

Hapa, msomaji, ndipo penye uchungu wa dawa. Fikiri kidogo.

Wahenga wetu walisema: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ikiwa katika nyumba wamo masista ishirini, na watu wa nje wanajua kwamba baadhi yao waliiba au waliua, wala hawajui ni akina nani, watafanyaje? Watawashuku wote ishirini. Binti wa familia njema, aliyelelewa vizuri, asiyeiba hata sindano, akipita sokoni na vazi la Betania, watu watanong'ona: je, huyu naye? Naye hawezi kujitetea. Akisema, mimi sikufungwa kamwe, papo hapo amewafunua wenzake. Hana budi kunyamaza na kuchukua aibu isiyo yake.

Wengi walikataa jambo hilo. Walisema padri anachafua utawa. Walisema kuwasaidia wafungwa ni vema, lakini wakae upande wao. Maneno hayo yalisemwa na Wakristu wema, wenye kutoa sadaka. Hawakuwa na roho mbaya. Waliogopa kuazimisha jina lao.

Na kumbe hiyo ndiyo siri yote ya Betania. Mtu aliyetoka gerezani hana jina. Chakula utampa, nao watampa wengine. Nguo utampa. Lakini jina jema hawezi kulipata kwa nguvu zake mwenyewe, kwa sababu jina hukaa katika vinywa vya wengine. Lazima mtu mwenye jina amfunike kwa lake. Na anayemfunika mwenzake kwa nguo yake, upande wake mmoja hubaki baridi.

Yule James Organ wa Dublin alifanya jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Aliposimama mbele ya mwenye kazi na kusema, mchukue mtu huyu, aliweka neno lake rehani. Mfungwa akiiba, neno la Organ limeanguka pamoja naye. Njia zao zilitofautiana: Organ alimweleza mwenye kazi habari za mfungwa, Lataste aliifunika habari kwa kimya. Lakini wote wawili walilipa kwa mali ile ile, yaani sifa yao wenyewe.

Na masista wa kwanza walikubali. Hilo ndilo la ajabu. Walikuja wasichana wasio na doa, wakaomba kuingia hapo hasa, wakijua watakavyosemwa. Wakaa na wenzao, wakafua pamoja, wakalima pamoja, wakazeeka pamoja.

Padri anakufa, nyumba inabaki

Padri Lataste hakuiona kazi yake ikikua. Nyumba ilikuwa maskini, naye alichoka kwa safari na barua na kuomba msaada. Aliugua, akafa hapo Frasne tarehe 10 Machi 1869, mwenye umri wa miaka 36. Betania haikuwa na miaka mitatu bado. Wengi walifikiri kwamba kazi itakufa naye. Lakini Mama Henri-Dominique aliishika, na nyumba ikahamia Montferrand, karibu na Besançon, ikazaa nyumba nyingine katika nchi za Ulaya. Tarehe 3 Juni 2012, katika mji wa Besançon, Kanisa lilimtangaza Jean-Joseph Lataste kuwa Mwenye Heri. Masista wa Betania wangali wakiingia magerezani kuwatembelea wanawake, na desturi ya kutouliza habari za zamani ingali inashikwa.

Tuseme pia ukweli wote. Betania haikuwaokoa wafungwa wote wa Cadillac. Si kila mwanamke aliyetubu aliitwa kuwa mtawa. Wengi zaidi walirudi vijijini kwao, kwa waume, kwa wazazi, au kwa watu wasiowataka. Kwa hao nyumba moja ya masista haitoshi, wala nyumba kumi hazitoshi. Kwa hao hakuna dawa isipokuwa kijiji chenyewe kifanye kidogo yale yaliyofanywa Betania.

Na sisi?

Basi turudi kwa yule mtu wa jioni na kifurushi chake. Tumfanyie nini?

Kwanza, wale walio jirani zake wasingoje siku ya kufunguliwa. Kwetu wengi wanajua kwamba mfungwa asiyeletewa chakula na ndugu zake huteseka sana. Lakini anayepeleka sahani ya ugali gerezani hapeleki ugali tu; anapeleka habari kwamba mahali pake nyumbani hapajafutwa. Mtu aliyetembelewa hurudi kwao. Mtu aliyesahauliwa hurudi kwa wale aliofahamiana nao kifungoni.

Pili, apate kazi upesi. Siku za kwanza ndizo za hatari, kwa sababu njaa haingoji watu waishe kusengenya. Mwenye karakana, mwenye shamba, mwenye duka, akimpa kazi ndogo ya juma moja, amemwonyesha njia ya juma la pili. Asimpe funguo zote siku ya kwanza. Hata Betania ilikuwa na majaribio. Kuamini hakukatazi kuangalia. Na ikiwa yupo aliyekosewa naye, aliyeibiwa au aliyepigwa, wazee wasimsahau huyo, wala wasimlazimishe kucheka kabla ya wakati wake. Alipwe kinacholipika, aombwe radhi wazi.

Tatu, na hili ndilo gumu: tunyamaze. Deni likiisha kulipwa, mkopeshaji huchana hati. Haiweki mfukoni ili aitoe kila penye ugomvi. Wangapi kati yetu, tukikasirika kidogo kisimani au sokoni, husema mara: wewe mfungwa? Kwa neno moja tumemrudisha gerezani, na safari hii pasipo hakimu. Na watoto wake wanasikia, na watoto wetu wanajifunza.

Nne, mmoja atembee naye hadharani. Mzee mwenye heshima, mwalimu, katekista, mama wa chama, yeyote aliye na jina jema, aende naye sokoni, aketi naye kanisani, aitikie salamu yake mbele za watu. Atasemwa, hana shaka. Watu watauliza: kwa nini fulani anaandamana na mwizi? Hapo atajua kwamba ameanza kazi. Ikiwa msaada wako haujakupatia hata neno moja la aibu, labda umetoa nguo tu.

Cadillac ngome ingali imesimama, gereza limekwisha zamani, na siku hizi watalii hutembea katika vyumba vile wakitazama mahali pa moto palipochongwa kwa mawe mazuri. Majina ya wanawake waliolia katika kanisa la gereza mwaka 1864 hatuyajui, na hivyo ndivyo Padri Lataste alivyotaka. Walipewa jina jingine, jina la nyumba yao.

Jioni ya leo, msomaji, ukimwona mtu anapita na kifurushi, mtangulie kumsalimu. Umwite ndugu, kwa sauti ambayo jirani zako watasikia.